Mama, Chachu Yako Inaijua Baridi

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utanikata jicho hata huko uliko, na jicho lako mimi naliogopa hadi leo kuliko fimbo ya mwalimu mkuu.

Barua hii naiandika wazi, bila bahasha. Nikimaliza nitampa katekista aibandike kwenye mlango wa kanisa, pale panapobandikwa matangazo ya ndoa. Waisome wote. Miezi hii yote majirani zetu wa Tlawi wametuangalia kwa mbali, basi na wao wajue huku ndani kulikuwa na nini. Asiyeelewa mambo ya sayansi aje kwangu nimfafanulie. Unajua mwanao ni msomi. Kidato cha pili si mchezo, hata kama shule na mimi tulikosana kabla ya mtihani.

Ulipoondoka, mama, nyumba ilifungwa. Metimani, kule kutengwa kwa nyumba yenye msiba, unaijua, uliikuta kwa bibi, ila hukuwahi kuwa wewe ndiye sababu yake. Mke wa mtu akifariki, watu wa nyumba ile wanakaa peke yao. Hatuingii kwa jirani, jirani haingii kwetu. Hakuna kuomba kaa la moto, hakuna kula sahani moja na mtu, na ng'ombe wetu wanakunywa maji baada ya ng'ombe wa wengine, tena upande wa chini. Padri alisema kanisani kwamba hayo ni mambo ya zamani. Watu wakaitikia amina, halafu wakarudi nyumbani kwa njia ndefu ili wasikanyage shamba letu. Katekista mwenyewe alikuja kutuombea akasimama nje ya ua, akawa anasali kwa kupiga kelele kama anaita ng'ombe. Paskalina wako, ambaye hata darasa la kwanza hajafika, akamjibu kutoka mlangoni, "Mwalimu, sali polepole tu, Mungu si kiziwi!" Baba aliinamisha uso. Nilijua anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Sisi watatu tu, mama. Baba, mimi na Paskalina. Na huu ukungu wa Mbulu ambao nao ni kama ndugu asiyejua kuaga.

Mimi nilikuwa nimeahidiwa kiti kwenye kombaini kule shamba la ngano. Usicheke, najua unacheka. Si kiti cha dereva, ni cha msaidizi wake, lakini kiti ni kiti. Nyapara alishaniambia, "Kijana, ngano ikianza kuiva uje." Ngano ikaiva bila mimi. Ningetoka kabla nyumba haijafunguliwa ningekuwa nimetoka na mkosi wetu mgongoni kwenda kuwapa watu wa watu, na baba asingeweza tena kumtazama mtu usoni. Kwa hiyo nikakaa. Siku ukungu ukiondoka nilikuwa napanda nyuma ya zizi, nauona mlima Hanang umekaa pale na majivuno yake kama mimi, na kule chini tambarare imekuwa njano. Nilijidanganya kwamba naona vumbi la kombaini. Halafu ukungu unashuka, na dunia yangu inaishia kwenye ua wa minyaa.

Kitu cha kututoa kilikuwa kimoja tu, pombe. Wazee walisema nyumba ifunguliwe kwa pombe iliyochachushwa na chachu ya nyumba hiyo hiyo, ile ya marehemu. Hamira ya dukani hawaitaki. Ya jirani hawaitaki pia, na kwanza ni jirani gani angetupa? Chachu yako ikifa, tunabaki ndani mpaka wazee wakae tena waamue, na wazee wetu unawajua, wakishakaa hawainuki upesi. Kwa hiyo maisha yetu yote yalikuwa ndani ya kibuyu chako, kwenye kile kishimo cha ukuta usiopata jua, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani.

Unakumbuka kile kibuyu kilivyosafiri? Nacheka mpaka leo.

Mwaka ule nilikuwa kule kule shamba la ngano, Dirma, nikimbebea mizigo dada Stela, yule mtaalamu wa maabara aliyetoka Morogoro. Nikasikia mama yangu ameonekana Dirma anauliza njia. Nikakimbia. Nikakukuta unashuka kwenye lori la mbolea, blanketi kichwani, kwapani umebana kitu ndani ya shuka.

"Nimekuletea blanketi," ukasema, kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Na hicho?"

"Chachu."

"Mama! Wenzako wanasafiri na watoto, wewe unasafiri na chachu?"

"Nikiiacha na baba yako ataihurumia."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno yako tu ya kumtania mzee. Halafu ukanishika shati ukalinusa. "Yuko wapi huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Anayekufulia. Shati lako ni safi mno."

Nikaapa kwamba nafua mwenyewe. Ulicheka mpaka wapakiaji wa magunia wakageuka, na wale vijana wa Kibarabaig waliokuwa wanazungusha ng'ombe wao nje ya uzio, wakitafuta njia ya kufika kwenye maji ambayo zamani walikuwa wanayafuata moja kwa moja, nao wakasimama wakacheka bila kujua kisa.

Dada Stela kazi yake ilikuwa kujua ngano ya shamba inafaa mkate au haifai. Kwa hiyo kila mara alisaga kidogo, akakanda, akaoka vimkate vidogo kama vya kuchezea watoto, akavipima. Mimi ndiye niliyekuwa navila baadaye, na ninasema kwa kujivuna kwamba hakuna mtu wilaya nzima aliyeonja ngano ya serikali kuliko mimi. Lakini asubuhi ile ilikuwa na upepo wa baridi, na unga wake haukuumuka. Aliukodolea macho. Wewe ukachungulia kutoka mlangoni.

"Mwanangu," ukamwambia, "huo unga umelala kama mume mlevi."

"Shikamoo mama. Ni baridi, mama. Hamira yangu ya kopo haipendi baridi."

"Marahaba. Basi jaribu yangu. Hii baridi ndiyo kwao."

Dada Stela hakuwa mtu wa kudharau. Alikanda madonge mawili, moja akalitia hamira ya kopo, la pili akalitia kijiko cha mashapo kutoka kwenye kibuyu chako, na yote mawili akayafungia ndani ya friji. Ukaniambia kwa lugha yetu, "Huyu dada ni mzima kweli? Anaweka unga kwenye baridi uumuke?" Nikakujibu kwamba hiyo ndiyo sayansi. Sikuwa najua lolote, lakini ilibidi niseme kitu, mimi ndiye mwenyeji.

Kesho yake, jenereta ikinguruma nje, akafungua. Donge la kopo lilikuwa limekaa vile vile. La kwako lilikuwa limenyanyua kifuniko.

Ulijifunga tu khanga upya kiunoni. Mama, yale majivuno yangu ambayo kijiji kizima kinalalamikia, siku ile niliona yalikotoka.

Ndipo dada Stela akatutegea hadubini. Ukainama, ukafumba jicho moja. "Mbona vijiduara tu?"

"Hizo ni seli, mama. Kila kiduara ni hamira mmoja."

"Wamejaa kama watu mnadani. Sasa hawa wanajuaje kwamba kuna baridi? Hawana hata pua."

Mama, lile swali lako ndilo bora kuliko yote niliyowahi kusikia, na mimi nimekaa madarasani. Dada Stela akavuta stuli. Akasema kila kiduara kina ngozi, na ngozi ile imetengenezwa kwa mafuta. "Mama, samli yenu asubuhi huko Mbulu inakuwaje?"

"Inaganda. Unaikata kwa kisu."

"Na mafuta ya alizeti?"

"Yale hayagandi ovyo. Unamimina tu."

"Basi ngozi ya hamira ikipata baridi inataka kuganda kama samli. Ikiganda, chakula hakipiti kuingia, uchafu haupiti kutoka, anakufa ameshikwa na ngozi yake mwenyewe. Kwa hiyo anaibadilisha. Anayapinda yale mafuta kidogo, yawe kama ya alizeti. Mafuta yaliyopinda hayawezi kulaliana vizuri, ndiyo maana hayagandi."

"Nani kamfundisha?"

Akasema ndani ya kila kiduara kuna maandishi marefu, yamekunjwa, na kila sehemu yenye agizo lake inaitwa jeni. Hamira hasomi yote kwa pamoja. Kuna maagizo ya wakati wa sukari nyingi, kuna ya wakati wa njaa, na kuna ya wakati wa baridi. Ngozi ikianza kukakamaa, habari inafika ndani, na lile agizo la kupinda mafuta linafunguliwa na kusomwa kwa nguvu. Habari inafikaje hasa? Akasema hata wataalamu bado wanatafuta. Baridi ikizidi linafunguliwa agizo jingine, la kuweka sukari fulani ya akiba inayozilinda sehemu za ndani zisiharibike. Hapo hamira anapunguza kila kitu. Hakui, hatoi povu. Ukimwona utasema amekufa. Kumbe anangoja.

Ukanigeukia. "Kwa hiyo kwenye kibuyu changu mna watu wanaosoma?"

"Wanasoma, mama."

"Tena wamemaliza shule kuliko wewe."

Dada Stela aliangua kicheko akashika meza. Mimi nikataka kulipiza kwa kuonyesha usomi wangu. Nikasema, "Si ajabu, imezoea tu. Imekaa Tlawi miaka mingi, ikazoea."

"Hapana," dada Stela akasema. "Kufungua agizo ni kitu kimoja, hata hamira ya kopo anajaribu. Maandishi yenyewe kubadilika ni kitu kingine." Akakuuliza unaitunzaje. Ukamwambia ulivyofanya kila majira ya baridi, kama ulivyoonyeshwa na bibi, mama mkwe wako. Unatega mitungi midogo kadhaa, na ule unaotoa povu wa kwanza kwenye asubuhi ya ukungu ndio unaochukua mashapo yake. Mingine tunakunywa.

Akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba hamira akizaa ananakili maandishi yake, na mara mojamoja anakosea herufi. Makosa mengi hayana maana, mengine yanaua, na moja kati ya mengi linamfanya awahi kuliamsha lile agizo la baridi. Huyo ndiye aliyetoa povu kwanza, na huyo ndiye mliyemchukua, bibi na wewe, mwaka hadi mwaka. "Mama, hawakuzoea. Mmewachagua."

"Sisi tulikuwa tunataka tu pombe iwahi," ukasema.

Nilikuwa na raha siku ile, mama. Sikujua kwamba nayaweka yale maneno akiba.

Homa yako ilianza na mvua za mwisho. Siisemi sana, baba ataisoma hii barua. Nasema tu kwamba tulikufunika mablanketi yote ya nyumba, hata lile uliloniletea Dirma, na moto ukawaka mchana kutwa, na wewe ukawa unasema, "Nasikia baridi." Baba alikuwa anakushika miguu. Anaipuliza, anaisugua, anaipuliza. Neno lako la mwisho kwake lilikuwa hilo hilo. Baridi.

Sasa usimkasirikie kwa haya ninayokuambia.

Katikati ya kipindi cha ukungu, majani yakiwa meupe alfajiri, nilikwenda kuangalia kishimo chako cha ukutani nikakikuta kitupu. Nikatafuta. Kibuyu kilikuwa jikoni, kimeninginizwa juu ya mafiga, kimefungwa ndani ya khanga yako ile ya kijani. Nilipokishika kilikuwa na joto kama tumbo la mbuzi. Nikanusa. Kilitoa harufu kali ya siki.

"Nani kaweka hiki hapa?"

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. "Kilikuwa kimepoa sana," akasema. "Kilikuwa baridi, mwanangu. Nikakishika kikawa baridi kabisa."

"Baba, umekiweka tangu lini?"

Akasukuma kuni ndani ya moto.

"Baba, unaiua! Ukiipasha joto inaamka, ikiamka inataka kula, na hamna chakula humo! Inakula akiba yake!"

"Ndiyo shule iliyokufundisha kumfokea baba yako?"

Paskalina alikuwa amesimama na kuni mkononi, anatuangalia kwa zamu. Hapo ndipo nilipoelewa lile neno lako la Dirma. Ulimjua mumeo. Miaka yote ulikuwa unailinda chachu isife kwa huruma yake.

Nilichemsha uji mwepesi, nikaupoza, nikaitilia kidogo, nikakirudisha kibuyu mahali pake penye baridi. Sikuwa na dada Stela wa kumuuliza, sikuwa na hadubini. Jirani wa kumuomba ushauri hakuwepo. Nilikuwa najiambia: waliolala vizuri wapo, waliokuwa chini kabisa kwenye mashapo wapo. Nilijisifu kwa sauti ili Paskalina asiogope. "Kaka yako ni daktari wa chachu," nikamwambia. Akaniuliza, "Daktari, mgonjwa wako amekufa?" Huyo mtoto ulimzaa na ulimi wako.

Siku zile ndizo zilizonibana kuliko zote. Nilikuwa nazunguka ua kama ndama aliyefungwa kamba. Nilikuwa nawaza kwamba kule chini ngano imeshaingia maghalani, kiti changu amekalia mtu mwingine, na hapa mlango wangu umefungwa na kijiko cha matope kwenye kibuyu. Nilikukasirikia, mama. Nilisema, amekwenda zake akatufunga humu kama hamira zake. Nisamehe, au usinisamehe, ila lazima nikuambie.

Wazee wakaleta neno kwamba tupike. Paskalina na mimi tulisaga kimea, baba akapika uji wa mtama, tukaupoza kwenye mtungi wako mkubwa, nikamimina chachu. Asubuhi yake, kimya. Hakuna hata tone la povu. Baba akaanza kuburuta kuni karibu na mtungi.

"Baba, nakuomba. Usiwashe."

"Haichachi."

"Inaijua baridi. Iache."

Akasimama na lile gogo mkononi. Akasema polepole, "Yeye hakuijua."

Nikalishika lile gogo upande mmoja, yeye upande mwingine, tukaliweka chini pamoja kama tunaweka mtoto.

Tukangoja. Nje ya ua wazee walishaanza kupita pita. Mzee Qwaray jirani yetu akapaza sauti kutoka barabarani, "Wewe kijana wa kidato cha pili! Inachacha, au twende tukachote maji ya mtoni?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, andaa kikombe kikubwa!"

Ukungu ulikuwa mzito, mbuzi walikuwa hawataki kutoka, pale Paskalina alipoegemeza sikio kwenye mtungi. Kisha akanivuta mkono wa shati.

"Kaka. Inanong'ona."

Nikainama. Kulikuwa na kisauti kidogo, kama mvua ya mbali kwenye bati. Nikafunua. Juu ya uji kulikuwa na povu jembamba, jeupe, na katikati kipovu kimoja kikavimba, kikapasuka. Baba aliingiza kidole, akaonja, akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Walikuja wote, mama. Mzee Qwaray aliingia wa kwanza, akanyunyiza pombe mlangoni, akanywa, akasema ni ile ile, mkono ni ule ule. Wanawake waliingia na makaa ya moto kutoka kwao. Watu waliokuwa wanatukwepa walinishika mkono kwa mikono miwili. Nikatoka nje ya ua, nikatembea hadi barabarani na kurudi, bila sababu yoyote.

Nikaambiwa na kijana aliyerudi kutoka shambani kwamba kiti kimekwenda, lakini kwenye kupanda watahitaji watu wa trekta. Jana baba akaniita. "Nenda," akasema. "Nyumba imefunguliwa. Usinikalie kama mlinzi."

Nikafunga mfuko wangu. Leo asubuhi nimeamka mapema niwahi lori, nikapita jikoni kuaga. Nikamkuta amesimama mbele ya kishimo cha ukutani, kibuyu kiko mikononi, amekikumbatia kifuani ndani ya koti. Aliponiona akashtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Kuna baridi," akasema.

Nikikiacha, atakipasha joto tena. Ningeweza kukibeba, kama ulivyokibeba wewe hadi Dirma. Nimeliwaza hilo nikiwa pale mlangoni na mfuko begani, na lori nalisikia linapiga honi kule barabarani. Lakini nikikichukua, mama, baba atabaki na nini cha kukihurumia?

Nimekaa chini ndipo nikaanza kukuandikia. Lori limeshapita. Kibuyu nimekirudisha mahali pake, na baba nimempa Paskalina amshikie mikono, maana yeye ndiye mwenye baridi. Mlango uko wazi, naona hadi barabarani.

Lala salama, mama, na usisikie baridi tena.

Ni mimi kifungua mimba wako, daktari wa chachu, ambaye bado yuko nyumbani.